Wodi Ina Siri Gani

Kazini walimwita Bibi Komeo, na hakununa. Ndiye aliyeandika programu ya hospitali, na ndani yake klasi ya Mgonjwa, yaani kiolezo kinachobeba taarifa zote za aliyelazwa. Jina, wodi na kitanda aliviacha pabliki, kila mfanyakazi avione. Ugonjwa aliutia praiveti, asiufikie mtu ila daktari anayetibu. "Wodi nayo ina siri gani?" aliwaambia wenzake siku ile, wakacheka, wakaenda kunywa chai.

Nyumbani akajigamba mbele ya baba yake. "Hata mimi niliyeandika sioni kitu, baba." Mdomo uliponza kichwa. Mzee alipoanza kukonda, aliichagua hospitali hiyo hiyo, akalazwa, akamkataza daktari asiwaambie watoto wake neno.

"Ni vidonda vya tumbo tu," alimwambia binti yake.

Vidonda gani hivyo, mtu anabaki mifupa? Alimwendea daktari, daktari akatazama viatu vyake. Akarudi mezani kwake, akaifungua klasi. Neno moja tu: afute praiveti, aandike pabliki, ajue. Kidole kilikaa juu ya kibodi mpaka chai ikapoa. Lakini atamtazamaje baba yake usoni? Akaifunga. Alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani.

Alhamisi asubuhi alikuwa akikagua orodha ya vitanda, kazi yake ya kila siku. Jina la baba yake lilikuwa limehama. Wodi ya tisa.

Wodi zote aliziingiza yeye kwa mkono wake, anazijua moja moja. Ya tisa hawatibu tena. Wanapunguza maumivu tu.

Alishuka ngazi hadi wodini. Mzee alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, akimsimulia mgonjwa wa pembeni: "Huyu binti yangu ndiye aliyetengeneza programu yao. Kaifunga hata mwenyewe hapenyi." Kisha akamgeukia, taratibu. "Au umeona kitu, mwanangu?"

"Nimeona namba ya kitanda tu, baba."

"Vizuri," mzee akasema, akafumba macho. "Wamenihamishia huku nipate upepo."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Binti akavuta kiti, akausifu upepo.