Mjomba wa mtoto mwenye kichwa cha tembo

Wewe msomaji, umewahi kusimulia hadithi huku umebana pini tano midomoni, na wasikilizaji wanakubishia kabla hujafika katikati?

Saa nne asubuhi, Chausiku Maneno yuko kwenye hali hiyo. Amekaa nyuma ya cherehani yake ya kukanyaga, barazani mwa duka la vitambaa la Bhakti, Morogoro mjini. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitenge cha Yuliana, mteja anayengoja kando, na sauti inapita pembeni mwa pini bila kupoteza neno.

Fundi huyu wa miaka 52 ameshona hapo miaka kumi na tisa. Mafundi mtaa huu ni wengi, na wapo wanaomshinda kwa haraka. Yeye wanamfuata kwa hadithi. Anayo ya mzuka wa Mikese, anayepanda basi kila Ijumaa na kuteremka bila mlango kufunguliwa. Anayo ya mwanamke mwenye nyayo zilizogeuka nyuma: wanaomwinda hufuata nyayo mpaka juu kabisa ya milima ya Uluguru, kumbe mwenzao alishateremka zamani, yuko stendi ya Msamvu anakunywa chai.

Inayopendwa kuliko zote alipewa na Bibi Vijaya, mama mzazi wa Bhakti, Mhindu wa miaka 81 aliyezaliwa mji huuhuu. Mama mmoja, mke wa mungu, alifinyanga mtoto kwa manjano aliyojipaka mwilini, akamsimamisha mlangoni amlinde akioga. Baba akarudi safari. Mtoto, kwa kutomjua, akamzuia. Baba akamkata kichwa kwa panga. Mama alipolia, kikatafutwa kichwa cha tembo, mtoto akaungwa, akafufuka.

"Ikifika kwenye panga tu, basi," anasema Chausiku, akitemea pini kiganjani. "Waluguru wenzangu hawanipi hata pumzi."

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Semeni, muuza nyanya aliyefuata gauni lake, leo hangoji panga linyanyuliwe.

"Huyo baba mtoto hakumfinyanga yeye, kamkuta tu mlangoni. Kichwa anakata kwa ruhusa ya nani? Mjomba yuko wapi?"

Miaka kadhaa nyuma Chausiku alichoka kubishana, akamtia mjomba. Mjomba huyo anashuka milimani na fimbo yake, anafika mlangoni. Hapo akajinunulia adha ya pili, maana kila mjomba akitokea, Bibi Vijaya anapaza sauti kutoka ndani ya duka kwamba hamna mjomba humo. Wiki iliyopita aliongeza: mjomba akija tena, cherehani itafute baraza nyingine.

"Nikimtoa, wateja wananuna. Nikimweka, nahama," anasema Chausiku. "Mimi ombi langu moja tu, nimalize hadithi hii kabla sijafa."

Leo anaamua kushona kimya. Dakika kumi zinapita, ni cherehani peke yake inayosema. Semeni anafunga kanga vizuri, anainuka.

"Basi hilo gauni nitalifuata siku fundi akipona ububu."

Yuliana naye anachukua mkoba. Hapo ndipo kigoda kinaposikika kikiburuzwa sakafuni, na Bibi Vijaya anatokea mlangoni, anahema.

"Shikamoo, Mama Bhakti," anasema Chausiku.

"Marahaba."

Anakaa katikati ya wateja, anapanga sari yake magotini. Chausiku anaitoa pini ya mwisho mdomoni, anamuuliza kwa uchovu, hadithi yenyewe anataka isimuliwe vipi ili watu wakae kwa amani.

Bibi Vijaya anajipepea kwa ncha ya sari.

"Miaka yote nasikiliza nikiwa ndani," anasema. "Mjomba akifika mlangoni tu, anaingia mteja anataka mita mbili za shashi. Mwisho sijausikia hata siku moja."

Anasogeza kigoda karibu na cherehani.

"Huyo mjomba wenu, akishafika, anasema nini?"