Wimbo Niliomkatia Shangazi Holo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya muziki sikugusa hata kanda moja. Nilibebeshwa betri. Ilikuwa betri ya lori, nzito, inavuja kidogo pembeni, na maji ya betri ni tindikali, yanakula nguo. Niliitoa Somanda kwa Fundi Mkuu, nikaipeleka kwenye mashine ya kusaga nafaka ikachajiwe, nikarudi na shati lenye matundu tumboni. Fundi Mkuu akanitazama, akacheka, akasema, "Haya, sasa umeajiriwa."

Huyo Fundi Mkuu alikuwa anatengeneza redio kwenye kibanda cha mabati. Tulimwita Mkuu ingawa chini yake hapakuwa na fundi mwingine, nilikuwepo mimi tu, na mimi sikuwa fundi. Jina langu ni Luhende, mtu wa Ngulyati, shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa vibaya mjue hivyo ndivyo yalivyotoka. Ninaandika kwa sababu vijana wa hapa wanaotaka udijei wanakuja kuniuliza, "Mzee, nitaanzaje na sina kitu?" Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake.

Mimi nilianza hivi. Nilikuwa na redio kaseti moja niliyoipata kwa mjomba, imekufa. Fundi Mkuu akaifufua. Ya pili aliniazima, mlango wake wa kanda ulikuwa umekatika, nikawa naubana kwa mpira wa baiskeli. Spika ilikuwa moja ya tarumbeta, ile ya mdomo mpana inayowekwa misikitini, ina kelele nyingi lakini besi haina kabisa. Leo nyie mna mikisa, mashine ya kuunganisha nyimbo, ina vitufe na taa kama ndege. Mikisa yangu ilikuwa swichi ya taa ya ukutani. Fundi Mkuu aliipigilia kwenye kipande cha ubao: ukibonyeza juu inalia redio ya kushoto, ukibonyeza chini inalia ya kulia. Ilikuwa inatoa "tak!" kila ukibadilisha, na watu wakadhani huo ni ufundi.

Kuna kitu kinaitwa hedi, kile kijichuma ndani ya redio kinachosoma kanda. Kikichafuka, mwimbaji anaimba kama ana mafua. Tulikisafisha kwa spiriti na pamba, na pamba kwetu hukosi, unachuma tu kwenye shamba la mtu. Mwaka mmoja mwenye shamba alinikimbiza mpaka barabarani kwa vitumba viwili. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Mkubwa wangu wa pili nilimwita Mwenye Vyombo. Yeye alikuwa na jenereta, na alipiga disko vumbi, yaani disko la mchana kwenye uwanja wa mnada, watu wanauza ng'ombe huku, wanacheza huku, na vumbi linakuwa la wote. Alikuwa mtu wa kuja, mwingi wa maneno, kofia haimtoki. Alinifundisha jambo moja tu, na alilirudia kila siku.

"Luhende, ukiona mabega yamelegea, fanya nini?"

"Nakata wimbo, bosi."

"Unakata! Usimwonee huruma mwimbaji. Yeye yuko kwao amelala."

Nikawa mkataji. Nikajua kuusogeza wimbo wa pili kwa sikio, nauweka pale pale unapoanza, halafu tak! Vijana wa mnadani walipiga miluzi. Nikajiona nimefika.

Sasa nyumbani Ngulyati kulikuwa na shida, na shida yenyewe ni baba. Baba alikuwa mkulima wa pamba na mahindi, na kwenye plau, yaani jembe la ng'ombe, alitaka mtu wa kushika mipini, na mtu huyo alikuwa mimi. Kwake kazi ilikuwa jasho lenye udongo. Dada yangu Limi alipoposwa, sherehe ikakaribia, na disko la mjini likaonekana ghali, mama akasema, "Si tuna Luhende?" Baba akamaliza kwanza kunoa jembe lake. Halafu akaniita uani.

"Utapiga wewe," akasema. "Watu wakitoka hapa wamefurahi, nitafikiria. Ukiniaibisha mbele ya wakwe, mvua zikianza nakukuta nyuma ya ng'ombe, na hayo mambo ya Somanda nisiyasikie tena."

"Ndiyo, baba."

"Usiniitikie tu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Basi siku ikafika. Tangu asubuhi, wanawake wako kwenye masufuria, mimi niko juu ya benchi napiga. Hapakuwa na haja ya kupiga asubuhi. Wapishi hawakuniomba. Ila kulikuwa na wasichana waliokuja kuchota maji, mnanielewa. Betri ikawa inaliwa na mimi sijali. Fundi Mkuu alishaniambia betri inahesabu kila wimbo, hata ule uliowapigia kuku.

Mchana baada ya kula ikaja kutunza. Kwa asiyejua: ndugu wa bibi harusi wanaleta zawadi, lakini hawaji wakitembea. Wanaanzia kule langoni wakicheza, zawadi kichwani, taratibu, mpaka walipoketi maharusi, ndipo wanaitua. Na kwetu wimbo unaoanza nao ni wako. Ni wako mpaka zawadi iguse mkeka. Hili nilikuwa nalijua tangu nazaliwa. Lakini Mwenye Vyombo alikuwa amekaa kichwani mwangu na kofia yake.

Marafiki wa Limi wakaja, vijana, wakafika haraka. Wajomba wakaja. Halafu langoni akatokea Shangazi Holo, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hata baba alikuwa anamwamkia akiwa amevua kofia. Kichwani beseni limejaa vyombo na vitenge, kwapani kuku hai. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Anapiga hatua moja, anasimama, anatikisa mabega kidogo, anapiga nyingine. Amefika katikati ya uwanja. Mimi kutazama naona mabega yamelegea.

Tak!

Nikaingiza wimbo wa moto. Ulikuwa wimbo mzuri sana. Hakuna aliyecheza.

Shangazi Holo alisimama. Akamtazama kuku, akaitazama spika. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, beseni bado kichwani. Nikazima.

"Nani amenizima?" akauliza.

Mama mmoja akasema, "Mayu, mama yetu, inuka, ni mtoto tu."

"Siinuki. Nimetembea toka kwangu na magoti haya kuja kumtunza Limi. Kumbe nimechelewa, nimeambiwa nipishe. Basi nimepisha."

Upande wa wakwe watu wakaanza kuulizana chini chini. Zawadi ya shangazi ikirudi nyumbani, hiyo harusi itasemwa miaka. Baba hakuinuka. Alinitazama tu, na macho yake nilikuwa nimeshayaona yakipima plau.

Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikaenda nikapiga goti mbele yake. "Mwadila, shangazi."

"Usiniamkie. Tumeshaonana asubuhi, ulikuwa unawapigia wasichana wa maji."

Watu wakacheka. Kucheka kule kulinisaidia kidogo.

"Shangazi, wimbo wako upo. Nakurudishia."

"Wote?"

"Wote, tangu mwanzo."

"Basi na mimi nirudi langoni? Na magoti haya?" Akafikiria. "Nitarudi. Lakini ukinizima tena, huyu kuku tutamla mimi na wewe tu, na wewe utakuwa unalia."

Akanyanyuliwa na wanawake wawili, akarudi langoni. Mimi nikawa na kazi. Kurudisha kanda nyuma kwa redio kunakula betri kuliko kupiga, na betri ilikuwa ukingoni. Kwa hiyo nikaitoa kanda, nikachomeka kalamu ya wino kwenye tundu lake, nikaanza kuizungusha kwa mkono. Harusi nzima inasubiri, mimi nazungusha kalamu. Mjomba wa bwana harusi akapiga kelele, "Anasaga nini huyo?" Mwingine akamjibu, "Anasaga shangazi." Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu.

Nikarudisha kanda redioni, nikabonyeza. Wimbo ukaanza, na nikajua nimekwisha.

Betri ikichoka, nyie wa siku hizi hamjui, mota ya kaseti inalegea na kanda inakwenda polepole. Mwimbaji wetu, kijana mwenye sauti nyembamba, akatoka mzito kama fahali. Magitaa yakawa yanajivuta. Vijana wakashika vichwa. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Shangazi Holo alikuwa anacheza. Ule mwendo ulikuwa wa magoti yake. Hatua, bega. Hatua, bega. Hakusimama tena kusubiri wimbo, wala wimbo haukumkimbia. Bibi mmoja upande wa wakwe akainuka, akasema, "Aa, huu sasa ndio wimbo!" akamfuata. Akaja mwingine na fimbo yake. Wazee ambao tangu asubuhi walikuwa wamekaa kama mizigo wakaingia uwanjani mmoja mmoja, mpaka wakwe na sisi tukachanganyika usijue nani wa wapi. Wimbo ukaendelea kuzama, na sauti ya mwisho ilikuwa kama ng'ombe anakunywa maji. Ndipo beseni likagusa mkeka, na betri ikafa. Wanawake wakaendelea wenyewe kwa vigelegele.

Shangazi akapita kwangu akanipa kuku. "Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu. "Siku nyingine anzia huo mwendo, usitusumbue."

Baada ya hapo nilipangiwa sehemu nyingi. Nilipiga ukumbini Bariadi chini ya Meneja wa Ukumbi, mama wa kutoka Tanga aliyetaka nipige nikiwa nimechomekea. Nilikwenda Nassa misimu kadhaa, nikapigia wavuvi, na wale hucheza hata kwa redio ya taarifa ya habari. Sikukuu nilipiga disko toto, watoto mia wanaruka, soda zinamwagika kwenye nyaya. Zikaja CD, zikaja kompyuta, zikaja flashi. Vyote nimevishika. Nimestaafu juzi juzi kwa sababu ya masikio, sikio la kushoto limebaki la mapambo. Nafuga kuku, nalala mchana, sidaiwi sherehe na mtu. Nina raha.

Kwa wewe unayeanza: una simu, tayari una redio mbili. Azima sabufa ya jirani. Pigia kipaimara, pigia wapishi, lakini chaji kwanza. Usikimbilie mashine yenye taa. Simama usitazame skrini, tazama miguu ya mtu mzee kuliko wote uwanjani, ukimweza huyo vijana hawakushindi.

Kumbe sijawaambia baba aliamua nini. Siku ile ya harusi hakusema kitu, wala wiki iliyofuata. Nikawa nakula kwa wasiwasi. Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Alfajiri nikasikia anafungua zizi, anawaita ng'ombe kwa majina. Nikavaa suruali ya shamba, nikakaa kitandani nangoja zamu yangu. Akamwita mdogo wangu. Akamwita kijana wa jirani. Nikasikia plau inaburuzwa, inapita dirishani kwangu, inakwenda, mpaka ikapotea upande wa shamba.

Nikavua suruali.