Gari Ambalo Mjomba Hakulisikiliza

Kila asubuhi, kabla hajashika bisibisi, mjomba Twalib aliingia kwenye gari alilolifungia muziki jana yake, akapandisha vioo, akawasha injini na redio, halafu akashusha sauti yote mpaka mwisho. Anakaa. Hasikilizi wimbo, anasikiliza kimya. Anakanyaga mafuta kidogo, anaachia, kichwa kakiinamisha upande. Spika zikitoa hata kamluzi kembamba, anashuka, anafungua buti, anaanza upya. Zikinyamaza ndiyo anakuja kwangu kunywa chai.

"Kelele kila mtu anaweza," aliniambia. "Fundi utamjua gari likiambiwa linyamaze, likanyamaza."

Nilihamia kwake Kilwa Masoko mama yangu alipofariki, nikaacha shule darasa la tatu. Nilikaanga maandazi mlangoni mwa banda lake. Yeye anafunga redio, spika na amplifaya kwenye magari ya watu, mimi nakaanga. Hatukuwa waongeaji.

Kwao kijijini Tingi kazi hiyo hawakuipenda. Kaka yake, mjomba Nurdin, ana mikorosho, na kila akija mjini lazima apite kumchokoza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Bado unauza makelele?"

"Bado. Hayaliwi na panya kama korosho zako."

Walicheka, lakini Nurdin alikuwa wa kwanza kuacha kucheka.

Aliyemtetea ni bibi, mama yao, Bi Adija. Mara ya mwisho alipokuja hospitali alikaa kwenye benchi langu, spika zinamtikisa mpaka kikombe. Mjomba akakimbia kuzima.

"Acha tu, baba, ndiyo riziki yako," bibi akasema. "Ila siku yangu ikifika usiniletee haya. Nataka nisikie miguu ya watu tu."

"Mama, siku hiyo hutosikia hata chuma kikigonga. Nakuahidi."

"Haya. Nimekushika neno."

Hakulisahau. Gari la matangazo ya msiba lilipokuwa likipita, alikuwa akilitazama mpaka lipotee, ananiambia, "Mwanaima, kwa mama halitapita hili. Tutaita watu kwa mdomo."

Siku simu ya bibi ilipokuja kutoka Tingi alikuwa ndani ya Noah ya Leonard, dereva wa magari ya kukodi. Noah ile ndiyo ingeongoza msafara wa harusi kesho yake, na Leonard alitaka isikike mpaka Nangurukuru. Mjomba alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu tu ndiyo iko nje. Nikasikia akipokea. Miguu ikaacha kucheza.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema kule ndani, polepole.

Leonard alikuja mbio. "Fundi, pole. Pole sana ndugu yangu. Lakini hizi waya zinaning'inia, utaniachaje? Harusi ya watu hii."

Angeweza kumwambia aondoke nalo hivyo hivyo. Hakumwambia. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akarudi kwenye buti.

Amplifaya ina waya mwembamba unaokwenda mbele kwenye redio, ili redio ikizimwa nayo ilale. Siku ile hakuupeleka mbele. Aliukata mfupi akaunga palepale kwenye waya wa betri, maana yake amplifaya haitalala tena. Ule wa kushika bodi ya gari hufungwa penye chuma kitupu. Msasa wa kukwangua rangi ulikuwa mfukoni mwake. Niliona mkono ukiingia, ukatoka bila kitu. Akakaza bolti juu ya rangi, na hapo ndipo mluzi hupata njia. Muziki ukapiga, Leonard akampa mkono, akaondoka. Mjomba hakuingia ndani kukaa. Hakupandisha vioo.

Tulifika Tingi jua likizama. Usiku ule na asubuhi yake hakukosea kitu. Alipita nyumba kwa nyumba kuita watu kwa mdomo kama alivyosema, akawaomba vijana wazime simu. Hata mjomba Nurdin alimshika bega mbele ya watu. "Mdogo wangu," akasema, "leo umekuwa mtoto wa mama." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo bila mzaha.

Baada ya adhuhuri jeneza likatoka. Mbele kulia Nurdin, mbele kushoto Twalib. Makaburi yetu yako ng'ambo ya barabara, na wakati wanakaribia lami harusi ikatokea.

Leonard aliona watu, akazima redio, kama dereva yeyote anayejua adabu. Ngoma zikakatika. Lakini gari halikunyamaza. Mluzi mrefu ulitoka kwenye spika. Leonard akababaika, akakanyaga mafuta apishe pembeni, mluzi ukapanda pamoja na injini, ukawa kama mnyama aliyebanwa na mlango. Bibi harusi ndani akaziba masikio. Watoto wetu wakaanza kulia. Miguu ya watu haikusikika.

Mjomba aliutoa mti wa jeneza begani, jirani akaupokea. Akaenda mpaka kwenye Noah, akafungua buti, akang'oa waya kwa mkono mtupu. Kimya.

Leonard akatoa kichwa dirishani, jasho linamtoka. "Fundi, mimi nilizima! Wallahi nilizima, wewe si unaona?"

"Ulizima," mjomba akajibu. "Wewe huna kosa."

Nurdin, jeneza bado begani, akauliza, "Hili umelifunga wewe?"

Mjomba angeweza kunyamaza. Fundi hakuwa yeye tu.

"Nimelifunga mimi."

"Basi mama kakusikia."

Jeneza likavuka. Kaburini watoto wa kiume huingia kumpokea mama yao; Nurdin aliingia, na nafasi ya Twalib aliingia jirani.

Mimi nilikuwa barazani na wanawake, namwona mjomba Twalib. Alikaa kidogo kando ya lami, ameshika kile kipande cha waya, kichwa kakiinamisha upande vile vile kama ndani ya magari yake. Halafu akauweka waya chini, akapangusa magoti. Hakufuata watu makaburini. Alishika njia ya upande wa pili, ile magari ya harusi yalikotoka, kanzu imechafuka nyuma, na mwendo wake ni wa kawaida tu, kama anayekwenda kuleta kitu. Nilidhani anakwenda kuleta kitu. Nikamwekea chakula.

Hakurudi, na banda la Masoko mpaka leo bado lina kufuli lake.