Bei ya Riale Moja

Soko la sarafu lilifanyika mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, katika hoteli moja karibu na Russell Square, London. Ukumbi wenyewe ulikuwa chini ya ardhi, hauna hata dirisha. Ulilipa kiingilio mlangoni, ukagongwa muhuri mkononi, ukashuka ngazi, ukakuta meza zimetandikwa vitambaa vya kijani na nyuma ya kila meza mzungu mmoja mwenye sweta, anakula sandwichi yake huku anaichunga mikono yako. Nilikwenda pale karibu kila mwezi, kuanzia katikati ya miaka ya tisini mpaka miaka ya elfu mbili imeshika kasi. Lakini mtaalamu wa sarafu sikuwa, na mpaka leo si mtaalamu. Nilikuwa mtu mpweke mwenye Jumamosi moja ya mapumziko kwa mwezi.

Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Thornton Heath. Nikiwaogesha, nikiwalisha, nikiwasukuma mpaka dirishani waone mvua. Mzee mmoja alikuwa akiniita kwa jina la mwanawe, nami nilimwitikia, kwa sababu nikimkatalia alilia. Chumba changu kilikuwa juu ya duka la nywele za bandia. Zilipita wiki nzima ambazo Kiswahili changu chote kiliishia kwenye kuitukana sufuria ya wali. Nyumbani Mombasa nilipiga simu kwa kadi, na jinsi tunavyojua kusalimiana, hujamaliza kuuliza hali ya mama mdogo na wanawe, kadi imekata. Watu wa kwetu walikuwako London, sikatai. Nilipata kualikwa harusi moja Barking, kila niliyemkaribia akaniuliza nimekuja na nani. Nilikula pilau nikaondoka, na mwaliko mwingine sikuutafuta.

Habari ya sarafu ilianza kwenye duka la mitumba pale pale Thornton Heath. Kulikuwa na ndoo ya pesa za kigeni, unachagua mwenyewe. Nikaingiza mkono kwa kupoteza muda tu, basi likiwa limechelewa, nikatoa senti kumi yetu ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati, ambayo tukiwa watoto tuliitunga kwenye uzi tukaivaa shingoni tukielekea dukani. Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya rafu ya vikombe, nililia mpaka yule mama wa duka akaja kuniuliza kama nimepata habari mbaya. Ndiye aliyeniambia kuwa kuna watu wanaokutana kila mwezi kwa ajili ya vitu kama hivyo.

Siku ya kwanza pale sokoni nilifanya ujinga. Niliona pesa ya zamani ya Mombasa, ile yenye picha ya mizani, nikauliza bei, nikatajiwa. Nikasikitika kwa sauti, kama inavyotakiwa. Nikasema ina mkwaruzo, ingawa haikuwa nao. Nikataja nusu ya bei. Yule mzungu akasema samahani, haiwezekani. Basi nikafanya anachofanya kila mtu wa kwetu: nikairudisha mezani, nikageuka, nikaanza kuondoka polepole, mgongo wangu ukisubiri kuitwa. Njoo basi, njoo tuelewane. Nilikwenda hatua hizo ndogo ndogo mpaka nikafika meza ya pili, ya tatu. Nikageuka. Alikuwa ameshaifunika ile pesa na anafungua chupa yake ya maji. Nikajaribu meza nyingine, hali ikawa ile ile. Wanakushukuru, wanakutakia siku njema, wanakuacha uende. Nilipokuwa nakaribia ngazi kurudi zangu nyumbani, nikasikia nyuma yangu:

"We! We bwana! Unakwenda wapi? Rudi hapa!"

Alikuwa Mhindi wa makamo, mfupi, miwani imeshushwa mpaka ncha ya pua, ameketi kwenye meza ya pembeni karibu na choo. Aliniona tangu meza ya kwanza, na alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

"Hawa hawaiti mtu," aliniambia. "Ungetembea mpaka Heathrow. Wewe wa wapi?"

"Mombasa."

"Mimi Kisumu. Keti. Ulitaka nini kwa yule mwizi?"

Tangu siku hiyo aliniita Mombasa, nami nikamwita Kisumu, au mzee nikiwa nataka kitu. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Kisumu, yeye akaja Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi ya posta mpaka akastaafu, na sasa alikuwa akikaa Tooting na mkewe. Aliuza sarafu za India na za Afrika Mashariki. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha dukani, kimeganda pale alipokiacha, nami nilimcheka kwacho kila mwezi. Yeye alinicheka kwamba watu wa pwani tunasalimiana mpaka bidhaa zinaoza. Alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi na kigoda cha ziada, na kigoda kile kikawa changu.

Tatizo ni kwamba kwenye soko lile huwezi kukaa mezani kwa mtu bure. Unawazibia wateja njia. Majirani walikuwa wakinitazama. Kwa hiyo nilinunua. Nilichukua kisarafu kidogo cha bei nafuu, tukakivutania bei kwa kelele zote, nikaenda nacho nyumbani, mwezi unaofuata nikakirudisha kumuuzia yeye yeye. Hapo akakitia ila zote ambazo mwezi uliopita hazikuwako, akanipa pungufu. Hasara ile niliiweka kwenye fungu la nauli. Nadhani alijua ninachofanya, lakini hakusema, na mimi sikumuuliza.

Halafu akaleta riale.

Ilikuwa riale ya fedha ya masultani wa Unguja, kubwa, nzito, maandishi yake ya Kiarabu yanasomeka vizuri. Bibi yangu alikuwa akitaja mahari ya wanawake wa ukoo kwa riale: fulani aliolewa kwa riale kadhaa, fulani kwa riale kadhaa na kisima. Mimi riale yenyewe sikuwahi kuiona. Niliipokea kwenye kiganja nikanyamaza, jambo ambalo kwa mnunuzi ni kosa kubwa, maana Kisumu aliuona uso wangu na hapo hapo akapandisha bei.

"Wanitania, mzee," nikasema. "Hii bei ya nyumba."

"Toa yako."

Nikataja bei ya matusi. Akaiondoa riale mkononi mwangu kwa vidole viwili, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha ndani ya kijaluba chake.

Basi tukaanza. Mwezi huu anashusha kidogo, mwezi ujao napandisha kidogo, mwezi wa tatu ananuna, anairudisha bei ilikotoka. Ilichukua miaka. Katikati ya hayo tulizungumza habari za goti la mkewe, siasa za Nairobi, jinsi ya kupika mihogo isiwe migumu, wanawe ambao walimjibu kwa Kiingereza kila alipowasemesha Kigujarati. Karibu na saa ya kufunga ndipo mmoja wetu alikohoa akauliza, "Na ile habari yetu?" Tukaanza upya kugombana.

Kwa kweli pesa nilikuwa nazo. Baada ya Krismasi mbili za kufanya overtime nilikuwa nimeshafikia bei yake, na mwezi wowote ningeweza kuiweka mezani. Sikuthubutu. Niliogopa kwamba nikishalipa sitakuwa tena na jambo la kunipeleka pale. Mimi na mzee yule hatukuwahi kuonana nje ya ukumbi ule hata mara moja. Sikuwa na namba yake ya simu. Mwaka mmoja alikosekana mwezi mzima, kumbe alikuwa amelazwa, nami nilizunguka meza zote kama mtu aliyepotewa na mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, maana ningemuuliza nani kuhusu Kisumu? Aliporudi, amekonda, badala ya kumwambia kuwa nilihangaika nilimwambia natumaini hospitali imempunguzia na bei. Jumapili nyingine nilijipeleka Tooting, eti kununua bamia, nikapita mitaa ile nikichungulia milango.

Nilitaka awe mtu wangu. Sijui kulisema vingine. Kwenye treni ya kwenda mjini nilijifunza maneno: mzee, Jumapili njoo na mama kwangu, nitapika biriani ya mboga, chumba ni kidogo lakini mtakaa. Si maneno mengi. Nilishuka ngazi nayo mdomoni, nikaketi kwenye kigoda, nikasema, "Punguza basi, mzee." Kila mwezi hivyo hivyo.

Siku ya mwisho niliikuta meza yake nusu tupu. Nikadhani nimechelewa, au biashara imekuwa nzuri.

"Leo mwisho, Mombasa," alisema. "Nyumba imeuzwa. Tunakwenda Canada kwa kijana wetu. Goti la mama haliwezi tena zile ngazi."

Nikamuuliza lini. Akasema wiki ijayo. Nikauliza kama Canada si kuna baridi zaidi, swali la kipumbavu, akasema ndiyo, kuna baridi zaidi. Halafu akafungua kijaluba, akaitoa riale, akaiweka mbele yangu juu ya kile kitambaa cha kijani.

"Chukua. Bei yako."

"Bei yangu ipi?"

"Ile ya kwanza."

Alikuwa ameikumbuka ile bei ya matusi. Badala ya kufurahi nilipandwa na hasira, hasira ya kweli, masikio yakanichemka. Miaka yote ile, halafu kwa neno moja tu yaishe?

"Sitaki," nikasema. "Bei ile haina adabu. Ongeza."

"Niongeze? Mimi ndiye muuzaji!"

"Ongeza, mzee. Hii ni fedha, si bati. Tazama maandishi yake. Wewe huoni?"

"Ina mkwaruzo," alisema, akishusha miwani. "Hapa. Na pembeni imelika. Kwa kweli ile bei yako ilikuwa kubwa mno. Nipe pungufu."

Nilimtazama. Hakuwa anacheka, ila mdomo wake ulikuwa unatetemeka kidogo, na hapo nikajua kwamba ameelewa. Alikuwa anashuka ili nipate pa kupandia. Basi nikapanda. Nikaisifu riale ile sifa ambazo hata bibi harusi hajapewa, naye akaiponda. Nikasema siwezi kumdhulumu mzee. Akasema hawezi kumwibia kijana anayekaa juu ya duka la nywele. Nilisimama, nikaondoka, akaniita, nikarudi. Nikaondoka tena, akaniita tena. Mzungu wa meza ya jirani aliweka sandwichi yake chini akatuuliza kama kuna tatizo. Kisumu akamwambia kwa Kiingereza kuwa hili ni suala la kifamilia, nami nikainama nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, maana machozi yalikuwa yamefika.

Tulifika bei ya kati kwa kati, na pale hapakuwa tena pa kupanda wala pa kushuka. Nikatoa pesa, akazipokea bila kuzitazama. Riale akaifunga kwenye karatasi laini, akanipa kwa mikono miwili.

Nikafungua mdomo kusema yale maneno yangu ya kwenye treni. Jumapili ilikuwa bado moja kabla hawajaondoka. Nilikuwa nimeshasema "Mzee" nilipomwona msichana anashuka ngazi kwa haraka, funguo za gari mkononi. Alikuwa binti yake. Alisema kwa Kiingereza kuwa ameegesha mahali pasiporuhusiwa, kwa hiyo baba afanye upesi. Akaanza kubeba masanduku. Halafu akaniona mimi, nimekaa upande wa ndani wa meza, kwenye kigoda, na kikombe cha chai cha baba yake mkononi.

"Who's this, Dad?"

Kisumu alinitazama. Nikamwona anatafuta jina langu, kisha nikamwona anagundua kwamba hana. Angeweza kusema huyu ni Mombasa, lakini hilo lingemwambia nini binti yule? Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta neno la kumsaidia, sikulipata katika lugha yoyote.

"A customer," alisema. "Very good customer."

Nikaweka kikombe chini, binti akanipa mkono, mkono mwepesi wa mtu mwenye haraka, akanishukuru kwa kumuunga mkono baba yake. Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni, umeishika riale. Mteja. Na kweli, nilikuwa nimetoka kulipa. Nikanyanyua sanduku lililobaki, lile zito, nikawafuata ngazini mpaka kwenye gari. Binti alipouliza kama uzito ule hautanishinda, nilimwambia hapana, mimi kazi yangu ni kunyanyua wazee.