Mwaka wa Tisa wa Mama Povu

Watu wa mtaani kwetu walidhani mama yangu anauza sabuni. Siwalaumu. Mvua zikianza, aliyemuuliza anakwenda wapi asubuhi yote ile na mabuti ya mpira alijibiwa, "Nakwenda kuhesabu mapovu," na maelezo yakaishia hapo. Wakambatiza Mama Povu. Mimi, mtoto wake wa pekee, nikaitwa Kapovu hadi namaliza shule, na jina hilo sijalisamehe mpaka leo.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa fundi wa maabara chuoni: kuosha chupa, kupanga darubini, kuwakaripia wanaokula juu ya meza za kazi. Lakini nyuma ya chuo, ng'ambo ya gereji, kuna kinamasi chenye chura wa kijani, mdogo kama ncha ya kidole gumba, ambaye wataalamu hawajamwona kwingine. Huyo hatagi majini. Hupiga povu kwa miguu yake ya nyuma kama mtu anayepiga mayai ya keki, analining'iniza kwenye matete juu ya maji, na mayai yake hukaa humo. Bila mvua hakuna povu. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, ukiyahesabu mapovu asubuhi saba mfululizo, utajua kama chura hao wanaongezeka au wanakwisha. Profesa aliyeianzisha kazi hiyo alihesabu mwaka mmoja, akapata kazi nzuri zaidi, akaenda zake. Mama akabaki na daftari.

Kuanzia mwaka wa kumi akawa anachukua wanafunzi, watatu watatu, na kuwafundisha sebuleni kwetu. Alichomeka vijiti vya ufagio kwenye ndoo ya mchanga, akabandika pamba huku na huko, akawapa dakika mbili wahesabu. Kila mmoja aandike yake kabla ya kumwuliza mwenzake. Asiye na hakika aandike "sijui", na asione haya. Kubwa kuliko yote, hakuna kufuta. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, ili kilicho chini kisomeke, unaandika kilicho sahihi pembeni na kutia sahihi. Aliyekuja na kifutio alinyang'anywa. Maabara kulikuwa na chupa kubwa iliyojaa vifutio vya watoto wa watu, na baadhi yao siku hizi ni madaktari wa wanyama.

Nitasema kweli: niliwaonea wivu. Hao walipata uvumilivu wa Mama, mimi nikapata sahani zao za kuosha. Nilipoolewa nilimwambia mume wangu kwamba mimi na chura tukitumbukia mtoni, Mama atamhesabu chura kwanza. Na nilikuwa na ushahidi. Nilipokuwa na miaka sita nililazwa wiki tatu, mvua zikikaribia, na nilichokumbuka ni ndoo ya kijani chini ya kitanda na mkono wa jirani yetu ukinilisha uji. Mama yuko wapi? Bila shaka yuko kinamasini. Hivyo ndivyo nilivyojijibu, na sikumwuliza mtu.

Mwaka juzi mwenye maghala ya jirani aliomba kibali cha kukifukia kinamasi ajenge maghala mengine. Ofisi ya mazingira ikaitisha kikao. Chura wangepona au wangefukiwa kutegemea jambo moja, lile daftari: miaka ishirini na mitatu bila pengo, kama wanafunzi walivyoandika kwenye barua yao kwa herufi nene.

Wiki moja kabla ya kikao, mwanafunzi mmoja waliyemwita Mdadisi alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki wenye madaftari mawili. Mimi nilikuwa kwa Mama, nashona sare dirishani kwa cherehani yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu." Akatoa daftari la mapovu, kisha la mlinzi wa chuo, ambaye hupima mvua kila asubuhi na hajawahi kukosa hata siku ya harusi yake. "Nimeyalinganisha. Mwaka wa tisa sisi tuna mapovu siku zote saba. Mlinzi ameandika sifuri siku zote saba. Mvua ilikuja siku kumi na saba baadaye." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Labda mlinzi alikosea."

"Mlinzi hakukosea," Mama alisema. Akavua miwani. "Mwaka huo sikwenda hata siku moja. Nilinakili mwaka wa nane, nikapunguza hapa, nikaongeza pale."

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani.

"Aliyeona ni mimi peke yangu," Mdadisi alisema haraka. "Tuliache hivyo hivyo, Mama. Wakili wao akilipata atatutafuna."

"Na asipolipata?"

Mdadisi akalifunga daftari la mlinzi. Mimi sikuweza kujizuia. "Miaka yote hii unawanyang'anya watoto wa watu vifutio, kumbe!"

"Ndiyo, kumbe," Mama alinijibu bila kuinua sauti. "Ulikuwa umelazwa. Homa ya mapafu. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuhesabu, na mimi sikuondoka pale. Nililala sakafuni, kando ya ile ndoo. Mchana jirani alikuja kukulisha ili niende kuoga."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mama akachukua kalamu, akakata mwaka wa tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni: *Sikwenda. Binti yangu alikuwa amelazwa.* Akatia sahihi na tarehe ya siku ile. Kisha akamwamuru Mdadisi aichape upya ile barua na kuondoa maneno "bila pengo".

Nilimsindikiza kwenye kikao. Mwenyekiti alipouliza nani ataanza, Mama alishasimama. Alilieleza kosa lake kabla ya kumtaja chura hata mara moja. Wakili wa mwenye maghala alitabasamu kama mtu aliyeokota pochi.

"Kwa hiyo, mama yangu, ulidanganya."

"Nilidanganya. Mwaka mmoja."

"Na hiyo mingine ishirini na miwili, tutaiaminije?"

"Msiniamini mimi. Chukueni daftari la mvua, mkague siku kwa siku. Huyu binti alikagua, ndiye aliyenikamata." Akamwonyesha Mdadisi. "Toka siku ile nilijua mtu mmoja hatoshi. Mtu mmoja ana mtoto, na mtoto huugua. Ndiyo maana mwaka wa kumi nikaanza kuwafundisha hawa."

Hayo mimi niliyasikia mle, kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni. Kumbe wanafunzi wote wale, na sahani zao zote, walianzia kitandani kwangu kule hospitalini.

Mwenyekiti hakumsifu mtu. Alisimamisha kibali, akateua wakaguzi wawili. Walikaa na madaftari yale mwezi na nusu, na miaka ishirini na miwili ikasimama. Kinamasi kikawekewa ulinzi wa miaka mitano, kwa sharti kwamba hesabu ifanyike kila mwaka na isikose. Wakili akasema kwa dhihaka kwamba mama mtu mzima mwenye goti bovu hatafika huko. Mama akajibu kwamba kweli, yeye huenda asifike, ila hesabu itafika.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mwanangu wa kiume alishikwa na homa. Ilikuwa siku ya tatu ya kuhesabu. Nilikuwa wodini, nimeshika tama, sikumpigia Mama simu kwa kuwa nilijua alipo. Saa moja asubuhi mlango ukafunguliwa, akaingia na mabuti yake ya mpira, tope limefika magotini, nesi anamfuata akilalamikia sakafu. Mume wangu ndiye aliyempigia.

"Na hesabu?" nilimwuliza.

"Sogea," alisema, akakaa kitandani, akamweka mjukuu wake kifuani.

Homa ilishuka siku ya tano. Baadaye nilikwenda maabara, nikaomba kuliona daftari. Mstari wa siku ya tatu umeandikwa kwa mwandiko wa Mdadisi: *Mama hayupo, mjukuu wake anaumwa. Nimehesabu mimi. Mapovu kumi na moja.* Na sahihi yake.