Tobia na Shingo za Wabeba Kabichi

Mwanahamisi hajakaa sawasawa kitini, tayari anaambiwa asimame.

"Mzigo wako uko wapi?" anauliza Tobia Shekiondo.

"Nimeuacha nje, baba. Nimekuja kutibiwa kichwa, sikuja kuuza kabichi!"

"Ulete humu. Jitwishe, utembee nikuone."

Ndivyo anavyowapokea wagonjwa wa kichwa Tobia, mwenye miaka hamsini na mbili, katika chumba cha fiziotherapia cha hospitali moja mjini Lushoto. Mama anazunguka chumba na tenga lake kichwani, Tobia kamkazia macho. Kisha anamketisha, anaweka vidole chini ya kisogo na kubonyeza polepole.

"Hapo hapo!" Mwanahamisi anaguna. "Hapo ndipo yanapoanzia maumivu, yanapanda mpaka kwenye jicho."

Miezi minne amemeza vidonge vya dukani na kujifunga kitambaa kichwani. Wapi!

"Kichwa hakina kosa, mwanangu. Ni shingo," Tobia anamwambia. "Inataka urudi mara sita."

Lakini mara sita hazipo. Ijumaa hii chumba kinafungwa. Jina la Tobia limo kwenye orodha ya watumishi wanaopunguzwa mwaka huu wa 1996, baada ya kazi ya miaka ishirini na saba.

"Zamani kichwa cha namna hii nilikiona mara moja kwa mwezi," anasema. "Sasa ni watatu, wanne kwa siku."

Sababu anaijua. Enzi za ushirika, mboga zilipokelewa kutwa nzima kwa bei moja. Mama yake aliteremka kutoka kijijini Gare na wenzake, wakitua mizigo kila penye jiwe pana, wakigawana muwa na kuwasengenya waume zao. Siku hizi malori ya wafanyabiashara yanaondoka saa tatu asubuhi, na anayechelewa hurudi na kabichi zake. Kwa hiyo akina mama wanabeba zaidi, wanakimbia, hawatui.

"Mama yangu amekufa na miaka themanini, hajui kuumwa kichwa," anasema Tobia, machozi yakimlengalenga. "Naukumbuka ule mwendo, jamani. Ulikuwa mwendo wa raha."

Ameshapanga la kufanya. "Jumatatu nakaa pale kwenye jiwe la kwanza, njia ya Gare. Nitawanyoosha shingo pale pale, bila kadi wala foleni."

Mwanahamisi anajitwisha tenga haraka. Saa mbili imeshapita.

"Baba, usinikasirikie. Mimi kwenye jiwe sisimami. Nikisimama, lori limekwenda."

Tobia analitazama tenga.

"Basi nitateremka na wewe. Nusu ya kabichi nitabeba mimi, nikufundishe huku tunatembea."

"Ebo! Mwanamume mzima, na tenga kichwani? Gare nzima itakucheka!"

"Wacha wacheke," anasema Tobia. "Shingo yangu ni nzima, na Jumatatu sina kazi."