Labda Mbili za Mama

Juzi nilipita Langley Park, mtaa wa Marekani nilikokulia, nikimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno. Barabara imechimbuliwa kwa ajili ya reli, basi limesimama mbele yetu, watu wamejaa hadi mlangoni. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza kama tutachelewa. "Labda," nikamjibu. Neno hilo hunirudisha nyuma kila nikilitamka karibu na yale majengo ya matofali mekundu tulimokaa zamani. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana mwanangu sijamsimulia.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa ghorofa ya pili: mimi, mama, na bibi aliyekuwa ametoka kwetu Uvira miezi mitatu tu nyuma. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, hata Jumamosi. Nyumba yetu ilinukia mawese na maharage, na wakati wa baridi mabomba ya joto yaligonga ukutani kama mtu anayebisha hodi. Bibi hakuliamini jiko la umeme. Kila alipopata nafasi alishuka kwenye kijito nyuma ya majengo, akaokota vijiti vikavu, akavilundika chini ya kitanda chetu. "Umeme inaweza katika," alisema. "Kuni ni yako."

Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda darasa la Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa Mmarekani mweusi aliyejifunza lugha hiyo ukubwani, na Kiswahili chake kilinyooka kama shati lililopigwa pasi. Sisi watoto tulielewa kila kitu, tukamjibu kwa Kiingereza. Jumamosi moja aliandika ubaoni *labda*. Akasema limetoka kwa Waarabu, kwao ni *la budda*, hapana budi, jambo lisilokwepeka. "Basi labda ni lazima?" nikauliza. Alifurahi sana kuulizwa. "Lilikuwa lazima," akasema, na akaendelea kueleza jinsi lilivyogeuka njiani likawa neno la shaka. Sikusikiliza tena. Nilikuwa nimepata siri: mama kila siku husema labda, kumbe maana yake ni lazima!

Nilirudi nyumbani mchana. Mama akaenda kazini, akaniachia bibi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa naye. Lakini jirani wa chini, mama mmoja kutoka Guatemala, alikuwa anakaanga mikate ya mahindi yenye jibini, harufu ikapanda ngazi. Wanawe walikuwa wanatazama katuni. Nikashuka kidogo. Nilipopanda, mlango ulikuwa wazi, maharage yameungua, na bibi hayupo. Nje theluji imeanza.

Nilimtafuta kwenye ngazi, kwenye chumba cha kufulia, nikaita mpaka sauti ikakauka. Mama aliporudi saa kumi, alinikuta nimeketi sakafuni. "Koko iko wapi?" Koko ndivyo tulivyomwita bibi. "Uliacha mulango wazi?" Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Polisi alikuja akiwa na theluji mabegani. Mama hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo nikawa mimi mkalimani. Polisi akauliza bibi angeweza kwenda wapi.

"Labda alipanda bisi kunifuata ku kazi," mama akasema. "Ao labda alienda ku mutoni."

Mtoni, yaani kwenye kile kijito. Polisi alinitazama, kalamu mkononi. Niliogopa mno. Nikawaza: lazima amepanda basi, lazima amekwenda kijitoni. Lazima mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Na ndani ya basi kuna joto. Kama yuko kwenye basi, mimi sijaua mtu. Nikamwambia polisi kwa Kiingereza kwamba mama ana hakika, bibi amepanda basi. Ya pili nikaimeza.

Wakaondoka kuelekea vituoni. Giza likaanza kushuka. Mama alisimama dirishani upande wa nyuma, akingoja kuona taa za tochi chini kule. "Mbona hakuna mutu ku mutoni?" akauliza, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akinishika mabega. Nikamwambia nililomwambia polisi.

Hakunipiga. Alishuka ngazi na kandambili miguuni, nami nyuma yake, na jirani nyuma yetu akiwa na tochi. Tulimkuta bibi ameegemea gogo, mzigo wa vijiti umekumbatiwa kifuani, kiatu kimoja kimezama majini. Macho yalikuwa wazi. Mama alimwita mara tatu kabla midomo haijasogea.

Bibi alipona, ila madaktari walimkata vidole viwili vya mguu. Hospitalini mama aliniambia neno moja tu: "Ungesema tu mama hajuwe," yaani ningemwambia polisi kwamba mama hajui. Mwalimu aliposikia alikuja nyumbani na chungwa na mkate wa ndizi, akaketi pembeni ya kitanda cha bibi, asijue pa kuweka mikono.

Majengo mengine sasa yamepakwa rangi mpya. Jirani alihamia Springfield. Darasa lilifungwa, na mwalimu tulimzika. Bibi aliishi miaka minne zaidi, lakini hakutoka tena peke yake. Majira ya kuchipua yaliyofuata ile theluji, ndege waliporudi, nilimwomba twende kijitoni mimi na yeye. Alitazama miguu yake, akasema amechoka. Wiki iliyofuata nikamwomba tena, amechoka. Kisha nikaingia shule ya kati, nikapata marafiki, nikaanza kumjibu kwa Kiingereza naye asielewe, na sikumwomba tena.